Mwenye Rungu Hana Haraka ya Kusikiza

Wasee, leo tutoke Kenya kidogo. Kuna wakili wa Kanada anaitwa Bob Rae, na maisha yake yanaeleza kwa nini mazungumzo mengi hufa mezani.

Septemba 1990 chama chake, NDP, kilishinda uchaguzi wa jimbo la Ontario kwa viti 74 kati ya 130. Ni chama cha wafanyakazi, na hakikuwa kimewahi kushika serikali huko. Rae akawa waziri mkuu wa jimbo akiwa na miaka 42.

Shida ni kwamba uchumi ulikuwa unaanguka. Mwaka wa 1993 aliita vyama vya wafanyakazi wa serikali wakubali kupunguziwa gharama. Wakakataa. Basi akapitisha sheria: mikataba yao ikafunguliwa kwa lazima, na watu wakapewa siku za kukaa nyumbani bila mshahara, hadi 12 kwa mwaka. Wakazibatiza siku za Rae. Uchaguzi wa 1995 ukampa viti 17 tu. Wale waliompigia kura ndio walikuwa wamemchoka.

Akarudi kwa uwakili na upatanishi. Mwaka wa 2000 alitumwa Burnt Church, New Brunswick, ambako Wami'kmaq walikuwa wakivua kambakoche. Mahakama ya Juu ilikuwa imesema 1999 kwamba mikataba ya 1760 na 1761 inawapa haki ya kuvua wajikimu. Serikali ya taifa nayo ilikuwa inang'oa mitego yao baharini. Rae hakuwa na sheria ya kumlazimisha mtu. Alijaribu, ikakataa, akaondoka bila mapatano.

Baadaye alihamia chama kingine (hiyo sisi tunaielewa sana) na akaingia bunge la taifa. Mwaka wa 2013 aliacha kiti hicho akawe msemaji wa jamii tisa za wenyeji za Matawa, ambazo ardhi yao ina madini. Aliyekaa upande wa pili wa meza? Serikali ya Ontario, ile ile aliyowahi kuiongoza. Mwaka wa 2014 wakatia sahihi utaratibu wa kujadiliana. Mwaka wa 2019 serikali mpya ya jimbo ikauvunja.

Angalia vizuri: mzee huyu ameshika rungu, amesimama katikati, na amekaa mahali ambapo rungu linakuangukia. Kote tatizo ni moja. Upande wenye njia ya kulazimisha huongea tu mpaka uchoke kuongea.

Nikiwa bado chuo, kabla niache, tulikaa nyumbani wiki nyingi wahadhiri wakigoma. Hawakuwa wanadai kitu kipya. Walikuwa wanadai mkataba uliokwisha kutiwa sahihi.

Kwa hivyo ukiona viongozi wakipeana mikono mbele ya kamera, usipige makofi bado. Uliza kwanza: huyu mwenye nguvu akibadilisha nia kesho, nani atamzuia? Kama jibu ni hakuna, hapo hakuna mapatano. Kuna picha tu.