Kuvunjika mguu kwa kondoo

Kuvunjika mguu ni ajali ya kawaida zizini. Mwanakondoo hukanyagwa na mama yake au hubanwa na lango. Mkubwa hutumbukia shimoni au hukurupushwa na mbwa. Wafugaji wengi hukimbilia kisu, na mara nyingi huwa wamefanya haraka mno: kondoo humudu kutembea kwa miguu mitatu kwa wiki kadhaa, na mfupa wake huunga vizuri.

Kinachoamua ni mahali palipovunjika. Mfupa mrefu ulio kati ya goti la mbele na kwato, au kati ya kifundo cha nyuma na kwato, ndio huvunjika zaidi, na ndio unaotibika shambani. Paja ni habari nyingine. Banzi haliwezi kushika nyonga, na likifungwa nusunusu huwa mzigo unaozidi kuuvuta mfupa.

Baada ya dawa ya maumivu, mtu mmoja humlaza kondoo ubavu, mguu mbovu ukiwa juu. Wa pili huvuta kwato taratibu mpaka mguu unyooke sawa na mwenzake. Pamba hutiwa katikati ya kwato mbili, kisha huzungushwa mguu mzima na kukazwa kwa bandeji. Juu yake huja bomba la maji la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, kingo zake zikiwa zimesuguliwa zisikate ngozi. Kwa kuwa mguu wa nyuma umepinda, bomba lake hupashwa moto likunjike. Banzi lazima livuke kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Linaloishia njiani ni afadhali lisifungwe kabisa. Ncha za kwato huachwa wazi, maana zikipoa au mguu ukivimba juu ya bandeji, au ukianza kunuka, hufunguliwa siku hiyohiyo.

Bomba hilo halimhimili dume la Dorper, aina ya kondoo wa nyama iliyozalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930, ambalo huweza kupita kilo 100. Huyo anahitaji hogo la daktari wa mifugo.

Mwanakondoo huunga kwa wiki 3 hadi 4, mkubwa 6 hadi 8. Mdogo hukua haraka, kwa hiyo bandeji yake hufungwa upya kila baada ya wiki moja au mbili.

Mfupa ukitoboa ngozi, uchafu huingia na matumaini hupungua sana. Hapo uamuzi wa kuchinja hufanywa kabla ya sindano ya antibiotiki, kwani baada yake nyama hailiwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.