Virusi vya Udongoni na Kifua Kikuu cha Maziwa Makuu

Bakteriofaji, au faji kwa kifupi, ni virusi vinavyowashambulia bakteria tu. Seli za binadamu havizigusi. Frederick Twort wa Uingereza alieleza athari yazo mwaka 1915. Miaka miwili baadaye Félix d'Hérelle wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alizipata faji katika kinyesi cha wagonjwa wa kuhara damu, akazipa jina, na kufikia 1919 alikuwa akitibu watoto kwazo. Zilipokuja antibiotiki, tiba hiyo iliachwa karibu kila mahali isipokuwa Georgia na nchi jirani za Kisovieti.

Streptomaisini, dawa ya kwanza kukimudu kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongoni. Udongo huohuo umejaa faji, na kuzitafuta hakuhitaji mitambo mikubwa. Udongo hukorogwa katika maji ya chumvi, yakaachwa yatuame, kisha yakapitishwa kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.22: bakteria hukwama, faji hupenya. Maji hayo huchanganywa na bakteria walio hai na agari laini, yakamiminwa kwenye sahani. Bakteria wakiota, sahani hufunikwa na utando. Palipo na faji hubaki doa angavu. Doa moja huchokolewa na kupandwa tena na tena hadi ibaki aina moja ya faji. Ndipo umbo lake hutazamwa kwa darubini ya elektroni, DNA yake husomwa, na yenyewe hujaribiwa juu ya bakteria mbalimbali. Jaribio hilo ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa faji nyingi huchagua mno: huua ukoo mmoja wa bakteria na kuuacha ulio jirani.

Kwa sababu bakteria wa kifua kikuu ni hatari na huchukua majuma kuota, faji zao hutafutwa kwa kutumia ndugu yao mpole wa udongoni, Mycobacterium smegmatis. Kwa njia hiyo, mwaka 2010 mwanafunzi Lilli Holst alipata faji iitwayo Muddy katika biringanya lililooza mjini Durban. Mwaka 2018 faji hiyo, pamoja na nyingine mbili kutoka maabara ya Graham Hatfull huko Pittsburgh, ilimsaidia msichana aliyetibiwa London baada ya kushambuliwa na Mycobacterium abscessus, bakteria aliyekuwa ameshinda dawa. Baadaye Muddy ilionyesha katika maabara kwamba huua pia bakteria wa kifua kikuu.

Hapo ndipo Kigali inapoingia. Mwaka 2020 Jean Claude Semuto Ngabonziza wa Rwanda Biomedical Centre, iliyoko Kigali, na wenzake walitangaza ukoo wa bakteria wa kifua kikuu usiojulikana hapo awali, L8. Ulitoka kwa wagonjwa wawili, mmoja wa Rwanda na mwingine wa Uganda, wote wakiwa na kifua kikuu sugu, na unaonekana kuwa wa Maziwa Makuu peke yake. Faji iliyothibitishwa kwa koo za Ulaya au Asia haiwezi kuhesabiwa kuwa tiba ya L8 kabla ya kujaribiwa juu yake, na anayeweza kuijaribu ni yule aliyewahifadhi bakteria wenyewe.

Bakteria nao hujihami. Katika sampuli za wagonjwa wa kipindupindu wa mashariki ya Kongo, za miaka ya 2015 hadi 2017, faji ya jamii ya ICP1 ilikutwa katika asilimia 41, na baadhi ya vimelea vya kipindupindu vilikuwa tayari vimeota usugu dhidi yake. Kwa hiyo faji hutolewa kadhaa kwa pamoja, ili bakteria anayeiponyoka moja anaswe na nyingine.