Pedi za breki na historia ya msamiati wa fundi

KAMUSI ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf ilitoka 1882, miaka minne kabla ya Karl Benz kupata hataza ya gari lake la petroli. Msamiati wa magari na pikipiki tunaoutumia leo basi tusiutafute humo. Uliingia baadaye, kwa awamu, na kila awamu iliacha maneno yake.

Tuchukue breki. Baiskeli ilitangulia, na pamoja nayo tukapata cheni, pampu, spana, nati na breki yenyewe, ambayo ilikuwa vipande vya raba vinavyobana rimu. Kule Busia, miaka ya 1960, waliovusha abiria mpakani kwa baiskeli hizo ndio waliotuachia neno bodaboda. Serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mnamo 2008, pikipiki zikajaa mitaani na kulirithi jina hilo la baiskeli.

Pikipiki nazo zina breki za namna mbili. Kuna ya ngoma, ambayo tuliitafsiri bila taabu kwa kuwa umbo lake tulikuwa nalo nyumbani. Kuna pia ya diski, ambayo Frederick Lanchester aliipatia hataza Uingereza 1902, na ambayo Honda CB750 ya 1969 iliisambaza kwa waendeshaji wa kawaida. Hii ilikuja na majina yake: diski, kalipa, pedi. Pedi imezua utata kidogo, kwani dukani kwa dawa ni sodo na dukani kwa spea ni breki. Muktadha ndio huamua, na sijasikia aliyeuziwa kisichofaa.

Hivi majuzi nilimtazama jirani yangu, kijana wa bodaboda, akibadilisha pedi za mbele uani hapa Kahawa Wendani. (Jina la mtaa huu nalo ni ndoa ya lugha: kahawa ina asili ya Kiarabu, wendani ni mapendano kwa Kikuyu.) Alilegeza boliti za kalipa, akaitoa kwenye diski, akachomoa pini na pedi zilizolika hadi karibu na chuma. Akaisukuma pistoni irudi ndani polepole, jicho likiwa kwenye kikopo cha mafuta ya breki yasije yakafurika. Akapachika pedi mpya bila kuzigusa kwa vidole vyenye grisi, akakaza kila kitu. Nikadhani amemaliza.

"Bado, mwalimu," akaniambia. "Hapa ndipo watu huumia. Lazima upampu kwanza."

Alibonyeza mkono wa breki, ukalala hadi kwenye mshikio kana kwamba hakuna breki kabisa. Sababu ni kwamba pistoni ilikuwa imerudi mbali na pedi. Alibonyeza mara kadhaa hadi ukakaza. Anayeisahau hatua hiyo hugundua akiwa tayari Thika Road, nyuma ya matatu iliyosimama ghafla.

Tazama maneno yaliyotumika. Majina ya vifaa takriban yote ni ya kukopa. Vitenzi je? Legeza, chomoa, sukuma, pachika, kaza, bonyeza: vyote ni vyetu. Ni pampu tu iliyokopwa, tena imegeuka kuwa kitenzi papo hapo gerejini. Viwanda vilituletea vitu na majina yake, ila kazi ya mkono ilikuwa na maneno yake tangu zamani.

Kwa hiyo wanaodai Kiswahili hakiwezi kueleza ufundi wanakisingizia. Kilichokosekana ni maandishi. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya pakiti ya pedi zile ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Kijana yule alijifunza hatua ya mwisho kwa fundi mwenzake, kwa mdomo. Asiye na fundi wa kumwambia atajifunzia wapi? Wanakamusi na watafsiri waende gerejini na daftari, na waagizaji wa spea waweke maelezo ya Kiswahili katika kila pakiti.