Kihatarishi: neno lililo kati ya sababu na majaaliwa

Mama niliyekaa naye kwenye benchi la kliniki alitoka chumbani kwa daktari ameshika karatasi kwa mikono miwili, kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama. Akanipa nimsomee. "Mwanangu, hapa wameandika nini?" Palikuwa na kipimo cha presha, 158 kwa 96, na chini yake mstari mmoja: ana vihatarishi vya ugonjwa wa moyo. Nilipolitamka neno hilo, yeye alisikia kipande kimoja tu. "Hatari? Ina maana nimeshaupata?"

Nikamjibu hapana, bado. Kisha nikakwama, maana sikuwa na maneno ya kueleza kilichopo kati ya "hapana" na "bado". Jina la kitu hicho waliliandika pale kwenye karatasi, kihatarishi, nami nikashindwa kulifungua.

Mzizi wa jina hilo ni hatari, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Likazaa kitenzi hatarisha, kitenzi kikazaa hatarishi: kazi hatarishi, mazingira hatarishi na, katika miaka ya kampeni za UKIMWI, tabia hatarishi. Ukitanguliza ki- unapata jina la kitu kinachohatarisha. Ni njia ileile iliyotupa kisababishi na kiwakilishi. Kwa kanuni za sarufi neno ni zuri: fupi, lina wingi wake, na linakubali kuunganishwa na jina la ugonjwa wowote.

Ugumu uko kwenye mzizi. Katika Kiswahili cha kila siku, hatari ni kitu kilichokwisha kusimama mbele yako. Ni lile fuvu lililochorwa kwenye transfoma ya umeme. Ni nyoka mlangoni. Ukiambiwa hatari, unakimbia. Daktari anapoandika kihatarishi hasemi kimbia. Anasema kwamba katika watu elfu moja wenye hali kama yako, watakaougua ni wengi zaidi kuliko katika elfu moja wasio nayo. Anazungumzia hesabu ya wengi, na mgonjwa anasikia hukumu ya mmoja.

Hesabu hiyo ina historia. Mwaka 1948 watafiti wa Marekani walianza kufuatilia watu 5,209 wa mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Wakati huo madaktari wengi waliiona presha ya kupanda uzeeni kuwa jambo la kawaida, kama mvi. Watafiti wakawa wanawapima watu wale kila baada ya miaka miwili, wakingoja waone watakaougua moyo walitofautiana vipi tangu mwanzo na wasiougua. Mwaka 1961 William Kannel na wenzake wakachapisha matokeo yaliyolieneza neno hili katika udaktari: presha ya juu na lehemu nyingi (kolesteroli, kama tunavyoiita wengi) zilikuwa zikiwatangulia waliougua. Zilitangulia tu. Hawakusema kila mwenye nazo ataugua.

Sisi tumezoea magonjwa ya namna nyingine. Malaria ina kimelea chake. Pasipo kimelea hakuna malaria, na swali limekwisha. Ugonjwa wa moyo hauna kimelea. Kwa hiyo naomba tuhamie kwenye nyumba ya makuti.

Nyumba nyingi za pwani zimeezekwa makuti na chini yake watu wanapika kwa kuni miaka nenda miaka rudi, wala haziungui. Makuti si moto. Lakini ukizihesabu zilizoungua, utakuta za makuti ni nyingi kuliko za bati. Ongeza jiko lililoachwa na makaa usiku. Ongeza kaskazi, makuti yamekauka na upepo unavuma. Hakuna hata kimoja peke yake kilichoamua kwamba nyumba itaungua Jumanne, ila kila kimoja kimeusogeza moto karibu, na vikikutana vinapeana nguvu. Hivyo ndivyo vihatarishi.

Tukilielewa hilo, hoja ya babu inapoteza makali. Kila msiba wa aliyekufa kwa kiharusi huwa na mtu wa kusema babu yake alivuta sigara mpaka miaka tisini. Ni kweli, pengine alivuta. Nyumba yake ya makuti haikuungua. Na upande wa pili, unaoniuma zaidi, ni wale wanaomwendea mgonjwa wa saratani kitandani kumuuliza alikula nini, alifanya nini. Wamekigeuza kihatarishi kuwa kosa. Mtu anaweza kuishi kwa uangalifu wote na bado akaugua, na hakuna haki ya kumwongezea mzigo wa aibu juu ya maumivu.

Ndiyo maana sikubaliani na tafsiri ya "sababu za hatari" inayoonekana katika vipeperushi vingine. Msomaji ataona sababu, na sababu kwetu ni kile kilicholeta jambo. "Viashiria hatarishi" nayo inapotosha, kwa kuwa kiashiria huonyesha kilichopo tayari. Ofisi za serikali Tanzania, hasa za ukaguzi, zinasema "usimamizi wa vihatarishi", na humo kihatarishi ni lile tukio baya lenyewe linaloweza kutokea. Hospitalini ni kile kinacholisogeza karibu. Mwandishi wa afya hana budi kutaja mara moja anakusudia kipi.

Kwenye saratani inabidi tuwe makini zaidi, kwa sababu visababishi navyo vipo. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi vya papiloma. Hicho ni kisababishi, na ndicho kinacholengwa na chanjo ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Hata hivyo wanawake walio wengi wanaopata virusi hivyo hawapati saratani, kwani mwili huviondoa wenyewe. Uvutaji wa sigara unapunguza uwezo huo: hicho ni kihatarishi. Au chukua sumukuvu, neno ninalolipenda kwa jinsi lilivyojieleza, sumu itokanayo na kuvu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Inaharibu ini, na kwa mwenye homa ya ini B madhara hayajumlishwi, yanazidishwa. Kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani ni kinga ya saratani, ingawa wachache hulihesabu hivyo.

Mengine mnayajua: tumbaku, pombe, uzito uliopitiliza, kukaa kutwa nzima. Yanatajwa pamoja kwa sababu yanausogeza karibu ugonjwa wa moyo na saratani kwa mkono mmoja. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba hesabu hurudi nyuma. Aliyeacha sigara mwaka mmoja, ile ziada ya hatari ya moyo aliyojiongezea kwa kuvuta hupungua kama nusu.

Yule mama sikumwona tena. Ningemwona, ningemsomea mstari ule hivi: "Mama, ugonjwa wa moyo hawajauona kwako. Wameona makuti makavu. Presha imepita 140 kwa 90, na umri umesogea. Umri hatuuwezi. Presha tunaiweza: dawa usiiache hata ukijisikia mzima, kwa kuwa presha haiumi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye ng'onda, achari na mkate. Na mwezi ujao urudi wakupime tena, tuone namba imeshuka kiasi gani."