Hesabu za Mwanga katika Almasi
Kwa muda mrefu wachongaji wa almasi wa Ulaya walitanguliza uzito kuliko mwanga, hivyo jiwe liliachwa nene ili lisipoteze karati nyingi, karati moja ikiwa ni miligramu 200. Katika karne ya 19 Henry Morse wa Boston, Marekani, aliivunja desturi hiyo kwa ujasiri unaostahili heshima, akikubali kupoteza sehemu kubwa ya jiwe ghafi ili pembe zake zimrudishie mtazamaji mwanga. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mzaliwa wa Antwerp kutoka ukoo wa wachongaji, alichapisha mjini London hesabu zilizopendekeza kwamba sehemu ya chini ya jiwe iinamishwe kwa nyuzi 40.75 na ya juu kwa nyuzi 34.5, ili mng'ao, yaani mwanga mweupe unaorudi, upatane na moto, yaani mwanga uliotawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Kwa ajili ya mwanga huohuo, almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ikiwa na karati 54.5, ilipochongwa mjini London kwa umbo la duara ilibaki na karati 23.6, na hasara hiyo ilistahili kabisa.