Vijiji vya Watoto vya SOS
Vijiji vya Watoto vya SOS ni shirikisho la kimataifa la hisani linalolea watoto waliokosa malezi ya wazazi. Liliasisiwa mwaka 1949 na Hermann Gmeiner huko Imst, Austria, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika Afrika Mashariki lina vijiji Zanzibar, Arusha, Nairobi, Mombasa na kwingineko.

Katika mfumo wake wa awali, mama mlezi huishi na watoto kadhaa katika nyumba moja, ndugu wa damu wakiwekwa pamoja.

Kuwaandaa vijana kujitegemea

Kijana anapokua huhama kijijini kwa hatua. Kwanza huishi na wenzake katika nyumba ya vijana, chini ya mlezi; baadaye hupanga chumba, huku akipewa posho. Hapo hujifunza kupika, kulipa kodi na kupangia bajeti fedha chache alizonazo. Shirika humsaidia pia kulipa karo ya chuo au ufundi. Mpango wa YouthCan!, ulioanza mwaka 2017, huwaunganisha vijana na washauri na nafasi za mafunzo kazini kupitia kampuni washirika.

Ukosoaji na mageuzi

Mwaka 2021 shirikisho lilikiri kuwa baadhi ya watoto walidhulumiwa katika vituo vyake, likaomba radhi. Siku hizi hutilia mkazo kuimarisha familia zilizo hatarini kusambaratika. Kenya nayo, kupitia mkakati wake wa mwaka 2022 hadi 2032, inawahamisha watoto kutoka makao ya kulelea kwenda kwenye familia.