Kashasha, Rosa na Ukuta wa Shule

Kila matokeo ya mitihani yakitoka, swali linarudi: hivi shule za wasichana pekee na za wavulana pekee zina kazi gani zama hizi? Watu hujibu kwa orodha ya shule kumi bora, mjadala unaishia hapo. Mimi naomba tuanze mbali kidogo, Karagwe, maana huku kwetu kutenganisha watoto hakukuletwa na mapadri.

Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant walipokelewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Katika kitabu cha safari yake Speke anasimulia alivyomtembelea shemeji wa mfalme, mwanamke aliyeneneshwa kwa maziwa hadi hawezi kusimama, akampima kwa utepe. Wengi hukumbuka huo utepe. Mimi nakumbuka kitu kingine cha mle mle: binti wa mama huyo, miaka 16, ameketi na chombo cha maziwa mdomoni, baba yuko pembeni na fimbo. Na kwa jirani zetu Wahaya kulikuwa na omuteko, ambapo vijana wa kiume wa rika moja walipelekwa kwa mfalme kufunzwa utumishi na vita. Mvulana alitengwa ili aje kukabidhiwa kazi ya nchi. Binti alitengwa ili aive kwa ndoa. Shika tofauti hiyo, msomaji, nitaidai baadaye.

Wamisionari walikuta mazoea haya, wakayajengea kuta za matofali. Seminari ya Rubya ilianza 1904, ikamlea Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama zetu. Wasichana walikuja kupata shule zao pia, na hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Mzazi aliyekuwa anahesabu mahari hakuwa tayari kumwachia binti yake akalale mahali penye wavulana. Ukuta ndio uliomlegeza. Bila ukuta binti hasomi, basi. Mama Barbro Johansson, Mswidi aliyefika Bukoba 1946, alifanya kazi katika shule ya wasichana ya Kashasha, akaja kuwa mbunge wetu, kisha mkuu wa shule ya wasichana Tabora. Hakuna anayeweza kuniambia mama huyo alikuwa anawafungia watoto wa watu ili waive kwa ndoa.

Lakini ni Kashasha hiyo hiyo iliyoingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, tena kwa jambo lisilohusu masomo. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijaisha tangu Uhuru, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Wakafuata wengine. Wanacheka, wanalia, wanakimbia huku na huko, wengine saa chache, wengine siku hadi 16. Kufikia 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Ilifunguliwa Mei, ikabidi kufungwa tena Juni. Walimu hawakuguswa hata mmoja. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, hawakukuta sumu wala mdudu.

Leo mitandaoni wanaiita kichekesho. Mi sioni cha kuchekesha. Wasichana wa miaka 12 hadi 18 wamewekwa pamoja mbali na nyumbani, nchi nje ya geti inabadilika kila wiki, na wao wanabeba matumaini ya wazazi, ya Kanisa na ya taifa changa. Mahali ambapo mtoto hana ruhusa ya kusema "nimechoka", mwili utatafuta namna yake ya kusema. Ukuta uliowapa shule uliwanyima mlango wa kutolea pumzi.

Miaka tisa baadaye, 1971, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe akatoa *Rosa Mistika*. Kezilahabi mwenyewe alisoma seminari, Nyegezi, kwa hiyo kuta za wavulana alizijua kwa ndani. Akaandika kuhusu msichana. Rosa analindwa na baba mlevi mwenye kiboko, kisha na masista wa shule ya wasichana. Geti linapofunguka chuoni Morogoro hana hata chembe ya uzoefu wa kuishi na wanaume. Mwisho wake mnaujua. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, yaani nacho kikawekewa ukuta! Wahakiki wengi hukisoma kama hukumu dhidi ya shule za namna hiyo. Sikubali sana. Kiboko cha Zakaria kilimfikia Rosa kabla ya masista.

Sasa njoo Isingiro, hii yetu ya Kyerwa, siyo ile ya ng'ambo ya mto Kagera, Uganda. Shule za kata zilipoanza kuenea baada ya 2004 tulishangilia, na haki ilikuwa yetu. Ni za kutwa, za mchanganyiko. Mtoto anayetoka mbali, kupitia migomba na vilima, ama anatembea asubuhi na jioni ama anapangishiwa geto karibu na shule. Geto la msichana wa miaka 15 halina matroni. Lina jirani, lina bodaboda anayetoa lifti, lina njaa ya mwisho wa mwezi. Hadi Novemba 2021, aliyepata mimba alifukuzwa na hakurudi katika shule ya serikali. Anayeniambia bweni la wasichana limepitwa na wakati, namwomba kwanza alale wiki moja kwenye geto hilo.

Kwa hiyo nalitetea bweni la wasichana, kwa sharti la Kashasha: wawe na pa kusemea. Penina Muhando, tunayemjua kwa tamthilia, alishiriki kuanzisha Tuseme mwaka 1996, wasichana wakitumia maigizo kutaja wenyewe kinachowasumbua shuleni. Hilo nalihesabu kuwa la lazima kama vyoo na maji.

Na wavulana je? Hapa ndipo nadai ile tofauti yangu. Seminari inaandaa mapadri, tuiache na Kanisa lake. Lakini shule ya serikali ya wavulana pekee inatetewa kwa lipi? Mvulana hazuiwi shule kwa sababu ya mahari, na geto halimfukuzishi masomo kwa mimba. Kinachobaki ni ule omuteko, vijana wa kiume wakiandaliwa pamoja kwa madaraka. Tetemeko la 10 Septemba 2016 liliibomoa Ihungo pale Bukoba, na serikali ikaijenga upya kabisa, kuanzia madarasa hadi mabweni. Tulibishana sana kuhusu fedha za maafa. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza kwa nini vitanda vyote vile vipya viwe vya wavulana.